Nani Ana Ruhusa ya Kumsema Marehemu? Msiba wa Kusini na Maneno Yake

Kaa siku 3 kwenye msiba Masasi, Newala au Mtama, kusini mwa Tanzania, uwe unasikiliza tu. Utamsikia marehemu yuleyule akielezwa kwa namna zisizofanana hata kidogo. Makaburini alikuwa mtu wa watu, mcha Mungu, asiye na ugomvi na mtu. Chini ya mkorosho, kwa watani, alikuwa bahili aliyehesabu vipande vya samaki kabla mkewe hajapakua. Kwenye kikao cha wajomba ni mwenye shamba, mwenye deni la dukani, na baba wa watoto ambao idadi yao bado haijakubaliwa. Na kule chumbani alikokaa mjane ni mgonjwa aliyekohoa usiku kucha kwa miezi, na ugonjwa wenyewe unatajwa kwa sauti ya chini, au hautajwi kabisa.

Mgeni akiyasikia yote haya hudhani amefika kwa wanafiki. Sivyo. Kwetu Kusini kila neno la msibani lina mwenyewe, lina mahali pake na siku yake. Tatizo la siku hizi ni kwamba mahali pengine pamefungwa. Yamebaki maneno ya makaburini peke yake, yale ya sifa, na familia inategemea sifa zifanye kazi ambazo hazikuwa zake: kugawa mali, kulipa madeni, kuwaambia watoto baba yao alikufa kwa nini. Sifa haziwezi.

Tuanze na habari yenyewe, kwa sababu hapo ndipo maneno yanapoanza kupimwa. Kijana wa Lindi anayefanya kazi Dar es Salaam hapigiwi simu akaambiwa mama yake amekufa. Anaambiwa, "Mama kazidiwa. Ukipata gari la leo, njoo." Akisikia anayepiga ni mjomba na si dada yake, anaelewa palepale. Lakini haulizi, na mjomba hasemi zaidi. Wote wawili wanajua, na wanakubaliana bila kusema kwamba jambo litatamkwa atakapofika penye watu wa kumshika.

Wapo wanaosema huo ni uongo uliopitwa na wakati. Mimi nauheshimu, maana naijua barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika watu walilala njiani kwa tope. (Daraja hilo limebeba jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi, aliyerudishwa kuzikwa hukohuko kijijini Julai 2020.) Hata baada ya lami, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, Kilwa, abiria wakakwama. Mpe mtu habari ya kifo cha mama yake akiwa peke yake kwenye kiti cha dirishani, basi limesimama porini na simu haina chaji, uone umemfanyia nini. Kwa Waislamu, ambao huzika mapema, mwana huyo mara nyingi atakuta kaburi limeshafukiwa. Kule kuzidiwa kwa mama kunamfikisha nyumbani akiwa na nguvu ya kusimama.

Habari ina mpangilio pia. Wa kwanza kuambiwa ni wakubwa wa ukoo, na kwa makabila yetu mengi maana yake ni mjomba. Kisha ndugu wa damu, kisha majirani na msikiti au kanisa, kisha dunia. Simu za mkononi zimepindua mpangilio huo. Mpwa mmoja anapiga picha hospitalini, anaibandika kwenye kundi la WhatsApp na mshumaa na maneno ya kupumzika kwa amani, na binti wa marehemu anaiona akiwa kazini, kaunta, mteja yuko mbele yake. Kama kuna jambo moja ningeomba kila familia ikubaliane kabla msiba haujatokea, ni hili: hakuna anayebandika chochote mpaka msemaji wa familia aseme wote wa karibu wameshaambiwa.

Makaburini mwenye kusema ni huyo msemaji wa familia, na maneno yake ni machache kuliko yanavyoonekana. Kwa Wakristo husomwa historia fupi: kuzaliwa, ubatizo, shule, ndoa, kazi, kuugua, hospitali alizopitia, Ndanda au Nyangao au Ligula, na mwisho "ameacha mjane, watoto kadhaa na wajukuu kadhaa". Hiyo sentensi ya mwisho watu huisikiliza kuliko zote. Karatasi ile iliandikwa usiku, mezani, na ndugu wasiozidi watano, na mtoto ambaye hakuhesabiwa humo atakaa na jambo hilo maisha yake yote. Ningependa anayeiandika ajue uzito wa kalamu aliyoishika.

Kwa Waislamu historia haisomwi kwa urefu. Watu humshuhudia maiti kwa wema, na inakumbukwa hadithi ya Mtume isemayo msiwatukane waliokufa, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza. Lakini dini hiyohiyo inayokataza kumtukana maiti inaruhusu jambo lake moja lisemwe hadharani, tena kabla watu hawajatawanyika. Msemaji anasimama pembeni ya kaburi, anasema: "Kama yupo anayemdai marehemu, aje aonane na mimi au na mwanawe mkubwa. Na kama yupo anayedaiwa naye, ajitokeze." Kisha ananyamaza kidogo, na watu wananyamaza naye. Deni la muumini linamfunga mpaka lilipwe, na ndiyo maana hapo hapana aibu. Ni mahali pekee, mbele ya umati, ambapo upungufu wa marehemu unatajwa na wenyewe wa msiba bila mtu kukunja uso.

Mengine yote yaliachiwa watani.

Utani wa msibani haueleweki kwa kuuhadithiwa tu, kwa hiyo niueleze kwa karibu. Mwili uko ndani unaoshwa. Uani, chini ya mkorosho, mtu mzima mmoja amevaa koti la marehemu, lile la kijivu alilozoea kwenda nalo mnadani, na mkononi ana bakora yake. Anatembea akivuta mguu wa kushoto, vilevile. Anasimama mbele ya wanawake walioinamia masufuria, anainua kifuniko kwa ncha ya bakora, anahesabu kwa sauti ya marehemu, ile ya puani: "Samaki niliacha sita. Wa sita kaenda wapi? Hata kufa hamniachi nife na samaki wangu?" Wanawake waliovimba macho wanacheka mpaka wanashikana mabega, na katikati ya kicheko dada wa marehemu anaangua kilio kipya, kwa sababu kwa muda ule alimwona kaka yake amesimama. Baadaye, kaburi likishachimbwa, mtani mwingine anaingia na kulala mle ndani, hatoki mpaka apewe kitu. Anapewa.

Watani ni watu wa aina kadhaa: wa kabila kwa kabila, wa ukoo kwa ukoo, mabinamu, mashemeji, na wajukuu kwa babu na bibi zao. Wanachofanana ni kwamba hawawezi kuwajibishwa kwa walichosema. Mtoto wa marehemu akisema baba alikuwa mkali kupita kiasi, amekosa adabu. Mtani akimwigiza akimkimbiza mtoto na fimbo kuzunguka nyumba, imesemwa, imesikika, na hakuna kesi. Na watani hawaishii kwenye tabia. Mtani anaweza kukaa katikati ya wazee akasema kwa sauti ya marehemu, "Na yule mwanangu wa Nachingwea, mbona hamjampa kiti?" Watu wanacheka. Mjomba hacheki. Jioni anamtuma mtu aulize yule kijana aliyesimama peke yake karibu na maturubai ni nani, na amekuja na nani.

Mipaka ipo. Mtani mwenye adabu hagusi ugonjwa, na msiba wa mtoto mchanga au wa mama aliyefia uzazini hauchezewi. Hapo atachimba kaburi, atabeba maji, atanyamaza.

Mijini, misiba mingi haina tena watani. Kuna mshereheshaji wa kukodi mwenye maiki, kuna viti vya plastiki, kuna sare. Sikatai viti. Ninachosikitikia ni kwamba lile koti la kijivu halivaliwi na mtu, na kijana wa Nachingwea anarudi alikotoka bila kuulizwa jina.

Sasa kikao cha ukoo, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili hufuata ukoo wa mama. Kwa mila hiyo watoto wa mwanamume ni wa ukoo wa mke wake, na warithi wake yeye ni wapwa zake, watoto wa dada yake. Kisha Uislamu, ambao pwani ya Kilwa, Lindi na Mikindani ni wa karne nyingi, unawapa watoto, mjane na wazazi mafungu yao kama yalivyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, baada ya madeni na wosia usiozidi theluthi. Kisha wamisionari, Masasi tangu 1876 na Ndanda tangu 1906, wakaja na familia ya baba, mama na watoto wao. Na juu ya hao kuna sheria ya nchi. Kwa hiyo wanapokaa barazani, anayesema "ndugu yetu", anayesema "mjomba wetu" na anayesema "baba yetu" wanamtaja mtu mmoja, na kila mmoja ameshasema anachodai kabla hajafika kwenye mali.

Watu wengi hawajui jambo lifuatalo, na linabadilisha mambo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lililoandikwa kuhusu urithi, Tangazo la Serikali Namba 436, lilitungwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwa Kusini halitoi jibu la moja kwa moja. Na panapokuwa na mgogoro kuhusu sheria ipi itumike, ya mila, ya dini au ya jumla, mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na alichokusudia. Je, alifunga ndoa msikitini? Aliishi kimila? Alijitenga na mila? Yaani simulizi la maisha yake linageuka kuwa ushahidi. Sifa mlizopamba makaburini, kwamba alikuwa mshika dini ambaye hakuwahi kuacha swala, zinaweza kuulizwa tena mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo na mtu mwenye sababu ya kuzikumbuka vizuri. Semeni ya kweli tangu mwanzo.

Kuna na suala la majina, ambalo linachosha watu kuliko ugomvi. Mzee wa Newala anaweza kuwa na jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni, jina la dini, na jina lililoandikwa kwenye kitambulisho cha taifa. Mkewe anamwita kwa moja, dada zake kwa jingine. Daftari la chama cha msingi, AMCOS, linakouziwa korosho, lina moja. Akaunti ya benki ina jingine. Akifa, kila aliyemjua anamtaja kwa jina alilomjua nalo, na msibani hakuna tatizo kabisa. Karani ndiye anayeshindwa kujua kama hao ni watu wanne au mmoja. Inabidi kwenda kuapa, kuandikiwa hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kifo kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 30, kwa hiyo kabla mtu wa kwenda kuandikisha hajaondoka, wazee waulizwe majina yote. Msimamizi wa mirathi naye akishateuliwa anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4. Asiyekuwa na majina sahihi ataimaliza miezi hiyo kwenye foleni.

Wakati wanaume wanajadiliana barazani, mtu anayejua zaidi kuliko wote yuko chumbani amefunikwa kanga. Mjane wa Kiislamu anakaa eda ya miezi 4 na siku 10. Yeye ndiye anayejua marehemu alimkopa nani magunia, salfa, dawa ya mikorosho, ilinunuliwa kwa fedha ya nani, na mikorosho ipi waliipanda pamoja baada ya ndoa. Eda haimkatazi kusema. Familia nyingi humtuma shangazi aingie kuuliza swali moja na kutoka na jibu nusu, na hapo ndipo maneno yanapogeuka njiani. Kikao kinaweza kuhamia ukumbini, mlango wa chumba ukaachwa wazi, naye akasikia na kujibu mwenyewe. Nimeona ikifanyika na hakuna heshima iliyovunjika.

Lipo pia la kuzungumza na marehemu mwenyewe. Vijiji vilipohamishwa miaka ya 1970, makaburi mengi yalibaki kwenye mahame, chini ya miembe ya zamani, na wapo wazee wanaokwenda kufagia, kumwaga unga kidogo, na kuwaambia waliolala pale nani ameoa, nani anasafiri, nani hapati mtoto. Masheikh na mapadri wengi hawalipendi jambo hilo. Lakini hata familia zilizoliacha zinaendelea kumtaja marehemu kila siku kupitia wajukuu. Mtoto aliyepewa jina la babu yake huitwa "babu" na baba yake mzazi, na shangazi hamtukani hata akivunja sahani, maana kulitukana lile jina ni vigumu. Mtoto wa namna hii hukua akijua mengi kuhusu marehemu mmoja: alipenda nini, alitembeaje, alikataa nini.

Wengine hawajui kitu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto wa miaka 6 anaambiwa baba kasafiri. Anapelekwa kwa jirani siku ya mazishi ili asione. Anasubiri. Kila basi linalotoka Dar likipita anachungulia. Mwaka ujao mtoto mwenzake anamwambia ukweli shuleni, kwa ubaya, wakigombania mpira. Ile simu ya "kazidiwa" ilikuwa na mwisho, safari ya muda wa saa kumi hivi, na mikono ya kumpokea mwishoni mwake. Hii haina mwisho. Mtoto aambiwe na mtu anayempenda, kwa maneno mafupi: "Baba amekufa. Hatarudi. Tumemzika pale, na nitakupeleka ukapaone." Atalia, na ataulizauliza maswali yaleyale kwa wiki kadhaa, na ajibiwe kila mara.

Na ugonjwa. "Aliugua muda mrefu", "aliumwa ghafla", na baada ya hapo minong'ono: karogwa, katupiwa kitu, jirani hakuja kuzika. Minong'ono inajaza palipoachwa wazi. Sisemi ugonjwa usomwe kwenye maiki. Marehemu ana siri yake, na kama ni virusi vya ukimwi, mjane ana haki zaidi ya wote kuamua nani aambiwe. Lakini watoto wa marehemu si umma. Presha, kisukari, seli mundu na baadhi ya saratani hupita katika damu ya ukoo, na kifua kikuu huweza kuwaambukiza waliolala nyumba moja na mgonjwa. Daktari atakayemuuliza mwanao, "Kwenu kuna mtu aliugua ugonjwa huu?" atapewa jibu gani, kama jibu lilizikwa na mwenyewe? Mama mkubwa mmoja mwenye kuaminika anatosha kuwaita vijana ndani, kufunga mlango na kuwaambia.

Arobaini ndiyo nafasi nzuri, kwa kuwa kilio kimepungua na ndugu wa mbali wamerudi kwa ajili ya sadaka. Hitima ikishasomwa na watu wakishakula, wakubwa wabaki na daftari la kawaida la shule. Yaandikwe majina yote ya marehemu, ya utotoni, ya jandoni, ya dini na ya kitambulisho. Yaandikwe majina ya watoto wote, na wa Nachingwea pia. Ugonjwa uandikwe na mwaka ulipoanza, madeni yaliyolipwa na yaliyobaki, na kaburi liko wapi. Mjane asomewe kila ukurasa kabla haujafungwa. Daftari likae kwa mtu ambaye si msimamizi wa mirathi.